Kwanza Kabisa, Sikumwita Mama

Naandika hii nikiwa Ujiji, barazani kwa bibi, simu ina asilimia 19 na umeme umekatika, kwa hiyo mkikuta maneno yamerukana mjue nakimbizana na chaji.

Juzi nimeshuka treni. Pale stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli, hata sijakaa sawa, begi moja begani lingine mkononi, bodaboda mmoja akanitazama, akanitazama tena, akamgusa mwenzake, halafu wote wawili kwa pamoja kama kwaya: "SIMAMAAAA!"

Na mimi nimesimama.

Hapo ndo nikajua ile video yangu ya kuanguka kwenye mfereji kule Uingereza imetangulia. Mimi nimepanda ndege, nikapanda treni zaidi ya kilomita 1,200, nimelala nimekaa, nimekula mayai ya kuchemsha mpaka nikaogopa kukutana na kuku, yenyewe imekuja kwa WhatsApp imefika mapema na imeshazunguka Mwanga, Katonga, Kibirizi, nasikia hadi Kasulu kuna mtu kaiweka status. Sasa kwa sababu kila mtu ana toleo lake, na linalotembea zaidi ni la yule Mnyamwezi niliyekuwa namwita rafiki, acheni na mimi niliyelowa niongee. Kwanza kabisa, sikumwita mama. Gari la zimamoto halikuja, hilo kalitunga. Na yeye alisema "bado", hakusema "basi", hili mtalielewa huko mbele.

Wa siku nyingi humu mnajua ugonjwa wangu wa Peaky Blinders, ile series ya kina Shelby, genge la zamani la Birmingham. Ulianzia hapa hapa Kigoma, nimemaliza form six, nashinda kwa jamaa mmoja Mwanga aliyekuwa anatuwekea series kwenye flashi, ya kwanza kuiona ilikuwa imetafsiriwa, Thomas Shelby, yani Tommy, bosi wa genge, anaongea Kiswahili cha Manzese anamwambia polisi "we afande usinizingue", nikanasa. Baadaye nikairudia kwa Kiingereza, misimu yote 6, vipande 36, kuanzia ile ya 2013 mpaka walivyomaliza 2022. Halafu udhamini wa masomo ukatoka, nafungua barua naona BIRMINGHAM. Ukoo mzima unashangilia mtoto anaenda kusoma Uingereza. Mimi moyoni najua naenda kwa kina Shelby.

Wiki ya kwanza tu nikakimbilia Small Heath, mtaa wa kina Tommy kwenye hadithi. Nimejiandaa kuona masizi, farasi, moto unatoka viwandani. Nimekuta sambusa. Sambusa, vinyozi, maduka ya vitambaa vya Kihindi na Kipakistani, mzee mmoja mwenye ndevu akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Ndo nikaja kusoma kwamba mitaa ile ya zamani haipo tena, kwa hiyo mambo mengi walienda kuyapigia Liverpool, Leeds na Manchester huko, Birmingham yenyewe inasifiwa tu. Niliumia, sitaki kuwadanganya. Ni sawa na mtu atoke Ulaya kuja kuona migebuka, wale samaki wetu wa Kigoma, aambiwe imehamia Singida.

Ila kuna sehemu moja ilikuwa jirani. Yadi ya Charlie, mjomba wake Tommy. Wanaoijua series mnaielewa, pale kwenye mfereji, maboti, vyuma chakavu, pale makasha ya bunduki yalipoanza kuwaletea balaa msimu wa kwanza. Ile ipo Dudley, ndani ya jumba la makumbusho la wazi, wamechukua nyumba na maduka ya zamani ya eneo lile wakayabomoa tofali kwa tofali wakaja kuyajenga upya pale, wafanyakazi wamevaa nguo za enzi hizo, kuna mhunzi, kuna mgodi wa makaa unashuka chini kabisa, na mfereji wenye maji ya ukweli. Jina la jumba silitaji. Walinitunza vizuri mno na sitaki mtu akilisachi jina lao akutane na mimi niko ndani ya maji.

(Na Dudley siyo Birmingham. Ukiwaita watu wa kule wa Birmingham wananuna kama umemwita Mnyamwezi Msukuma.)

Sasa koti. Lazima niwaelezee koti maana ndilo lililotaka kuniua.

Mama alivyosikia Uingereza kuna baridi akaenda soko la Mwanga kwenye mitumba, akachimba bale zima, akatoka na koti jeusi la sufu, refu, linafika chini ya magoti, zito kama limekula. Fundi akalibana mabega. Ndani lina kilebo cha duka la Uingereza. Yani koti lilitoka kwao, likapanda meli, likaja mpaka Kigoma, mama akalilipia, mimi nikalivaa nikalirudisha kwao tena kwa ndege. Nikaongeza kizibao, tai, buti, na ile kofia ya kizee kama ya Tommy. Mnajua ile stori ya nyembe kwenye kofia, ingawa wanahistoria wanasema huenda ni chumvi tu maana enzi hizo nyembe zilikuwa za gharama. Mimi kwenye kofia yangu sikuweka wembe. Niliweka noti ya pauni 10, nauli ya kurudia, kwa sababu Mnyamwezi alisema mjini vibaka wengi.

Huyu Mnyamwezi ni wa Tabora mjini kabisa, tunasoma chuo kimoja, na utani wetu, Muha na Mnyamwezi, mnaujua. Mimi namwambia nyie maji yenu ni bwawa la Igombe, mtu wa Tabora akiona dimbwi anaita ziwa. Yeye ananiambia nyie bila Tabora treni isingewafikia, reli inaachana kwetu ndo inawahurumia inakuja huko mwisho. Kwenye treni ya kwenda Dudley siku ya tukio, Alhamisi ya wiki iliyopita, nimemwimbia njia nzima kuhusu Ziwa Tanganyika. Mita 1,470 kwenda chini, duniani la pili kwa kina, mimi baba yangu mdogo alinifunga kamba kiunoni nikiwa na miaka 6 akanirusha kutoka kwenye mtumbwi pale Kibirizi, sisi tunaogelea kabla ya kutembea, nyie mnaogea kwenye ndoo. Haya maneno yote niliyasema. Kwa kinywa changu. Saa mbili kabla.

Tukashuka Tipton tukatembea. Mimi natembea ule mwendo wa Tommy, polepole, bega moja mbele, macho nimeyapunguza. Mnyamwezi akaniuliza kama nina jipu.

Tumefika, tumekata tiketi, tumepita madukani, namvuta mwenzangu twende yadi, twende yadi, yeye anataka kuangalia mhunzi anavyofua mnyororo. Mwisho tukakunja kona.

Wadau. Ni pale pale. Ni padogo kuliko kwenye runinga, kwanza nilishtuka jinsi palivyo padogo, lakini ni pale. Boti jembamba refu limefungwa kamba, vibanda, vyuma vina kutu, harufu ya lami na maji yaliyokaa. Macho yakanilengalenga. Upepo ule. Pembeni kuna mzee wa makumbusho, kavaa kizibao na kofia kama yangu, ana upondo mrefu wenye ndoano ya chuma, akanitazama juu mpaka chini akanipa kichwa kama anavyomsalimia mfanyakazi mwenzake. Niliona nimefika nyumbani. Na kulikuwa na watoto wa shule ya msingi, kama 30 hivi, vizibao vya njano, wameshikana mikono wawili wawili na mwalimu wao. Hawa watoto muwakumbuke.

Nikampa Mnyamwezi simu. Nikamwambia piga video, nitakuja natembea, halafu nitasimama nigeuze shingo. Akasema upo karibu mno, koti halionekani lote, rudi nyuma. Nikarudi. Akasema bado. Nikarudi. Nikaweka kijiti cha meno mdomoni maana sigara sivuti. Nimekaza taya, natazama mbali kama nadaiwa na watu watatu. Akasema...

Hapa ndo kesi ilipo. Mimi nilisikia "bado".

Nikarudisha mguu wa kulia. Kisigino kikashuka, kikatafuta ardhi, kikakosa. Kikaendelea kutafuta. Kuna muda mdogo sana pale, sijui niwaelezeje, mwili umeshaondoka lakini sura bado ya Thomas Shelby, taya limekaza, kijiti kiko mdomoni, naangalia mbali vile vile, ila naangalia mbinguni. Nikaona wingu. Nikaona mdomo wa Mnyamwezi unafunguka. Mikono yangu ikaanza kuzunguka yenyewe kama feni mbovu inayowashwa, mara mbili, mara tatu, kofia ikapaa, na nakumbuka kabisa nilichowaza, niliwaza: pauni 10.

Halafu maji.

Jamani ile baridi. Ziwa letu maji ya juu yanacheza kwenye nyuzi 25, mtu unaingia unajisikia umekaribishwa. Yale ya Dudley ni kama kupigwa kofi mwili mzima kwa wakati mmoja na watu wasiojuana. Pumzi ikatoka yote, ya kuingia ikakataa. Nikazama na kichwa. Nikatoka. Nikameza kidogo, yana ladha ya msumari. Koti likaanza kunywa, na lile koti kunywa linajua, sekunde chache nimebeba gunia la dagaa wabichi mgongoni linanivuta chini, mikono haitoki kwenye mikono ya koti, buti zimejaa. Nikajiambia wewe ni mtoto wa Kibirizi, kata maji. Nikakata. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, miguu inapiga, povu linaruka, nakata maji kwa nguvu zangu zote kama naenda Kongo. Sisogei. Nakata, sisogei. Bata mmoja akapita pembeni yangu taratibu, hana haraka, ananipita. Kofia yangu nayo inamfuata bata.

Ndipo kitu kikanishika goti.

Kitu laini. Kinateleza. Kinashika, kinaachia, kinashika tena. Sasa nyie wa Kigoma mtanielewa, wengine mcheke tu. Sisi tumekua tunaambiwa usioge pale jioni, usichezee kwenye matete, yupo. Mtu wa ziwani akishikwa mguu ndani ya maji hafanyi utafiti. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"MAMBAAAAA!"

Mamba. M-a-m-b-a. Yule mwenye meno. Maji yalikuwa yananiingia mdomoni na ile "b" ikazama, kwa hiyo kwenye video inasikika kama kitu kingine, ndo watu wameshikilia hapo hapo. Sikumwita mama. Nilikuwa natoa taarifa. Nilikuwa nawaonya watu wa Dudley, watoto wakiwemo, kwamba kwenye mfereji wao kuna mamba.

Najua. Najua kwamba hii siyo utetezi mzuri. Nimeifikiria njia nzima kutoka Dar.

Yule mzee wa upondo akaja ukingoni, hana presha hata kidogo, kachuchumaa, akaniambia neno. Nikasikia "stondapu". Akarudia, "Stondapu, mon." Mimi Kiingereza nimesoma, series nimeangalia mara tatu bila kusoma maandishi ya chini, lakini lile neno sijawahi kulisikia popote. Stondapu. Nikiwa pale ndani, nakata maji, akili inafanya kazi mbili, nikahitimisha kwamba stondapu ndo jina la huyo mnyama aliyenishika goti. Kumbe wenyeji wa kule a zao wanazigeuza o, "man" wanaita "mon", "hand" wanaita "hond", ile ilikuwa Kiingereza cha kawaida kabisa cha darasa la tatu. Nikazidi kupiga miguu. Mzee akasema tena. Wale watoto wakaona babu anapata shida, wakaanza kumsaidia, wote 30, kwa wimbo, wanapiga na makofi: stondapu! stondapu! stondapu! Nikaona basi, mpaka watoto wanamjua, huyu mnyama ni maarufu.

Mwisho nikamsikia Mnyamwezi. Sauti inatoka kwa shida, maana alikuwa amepiga magoti anacheka, simu kaishika mikono miwili isitikisike, hajaacha kurekodi hata sekunde moja huyu kiumbe:

"We Muha... we Muha jamani... SIMAMA!"

Nikaacha kupiga miguu.

Nikashusha mguu mmoja. Ukagusa. Tope laini, linateleza, lile lile lililokuwa linanishika goti. Nikashusha wa pili. Nikasimama.

Maji yaliishia kwenye kitovu.

Kimya. Maji yanachuruzika kwenye mikono ya koti, chururu, chururu. Kijiti cha meno bado kiko mdomoni, hii kwenye video inaonekana vizuri na mnaoniuliza niliwezaje kupiga kelele na kijiti mdomoni mimi pia sijui. Nikatazama ukingoni. Nyuso zote zinanitazama. Nikajaribu kugeuza shingo kidogo kama Tommy, nikitumaini labda.

Wakapiga makofi.

Hawakuwa wananidhihaki, hapo ndo paliponiuma. Pale wafanyakazi huwa wanaigiza maisha ya zamani, na mimi nimevaa kizamani kuliko wafanyakazi wenyewe, kwa hiyo watu walidhani nipo kwenye ratiba. Mama mmoja alisema kwa sauti "vizuri sana!" Na mtoto mmoja wa mbele, hana meno mawili, akamvuta mwalimu koti akamuuliza, nimemsikia kwa masikio yangu, Kiingereza safi hiki: "Anarudia saa ngapi?"

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Mzee akanivuta kwa ndoano ya upondo kwenye kola kama anavua kuhe. Nikapewa blanketi, chai, suruali ya kuokotwa ya mtu mnene kuliko mimi. Wakaandika kwenye daftari lao, sehemu ya sababu ya ajali wakaandika nilikuwa napiga picha, nikaweka sahihi. Kofia ikaopolewa na pauni 10 ndani, ndo kitu pekee kilichoenda vizuri. Kwenye treni watu walihama viti kwa sababu ya harufu. Mnyamwezi akaapa kwa kaburi la babu yake kwamba video anamtumia mtu mmoja tu, dada yake, Tabora. Jumamosi nikapanda ndege kuja likizo.

Mtu mmoja tu. Treni ilivyosimama Tabora, mnajua pale inakaa, mabehewa yanagawanywa ya Mwanza na ya Kigoma, mama yake Mnyamwezi alikuja stesheni kuniletea asali nipeleke nyumbani. Nikamwamkia shikamoo mama. Badala ya kuitikia marahaba akanikumbatia akaniambia, "Pole mwanangu, maji hayazoeleki." Nyuma yake watoto kama wanane wa mtaani, wamevaa yunifomu, wanasubiri aniachie. Akaniachia. "SIMAMAAAA!" Behewa zima likachungulia dirishani.

Aliyenimaliza ni baba mdogo. Baba mdogo yule wa kamba kiunoni. Ana mitumbwi miwili Kibirizi na pwani nzima ile inamheshimu. Nimeenda jana kumsalimia, nimemkuta anashona wavu, akaitikia bila kuinua macho. Nikakaa. Akashona, akashona. Halafu akaniuliza, "Liemba Wajerumani waliizamisha mwaka gani?" Nikasema 1916. "Ikatolewa chini lini?" Nikasema 1924. Akasema, "Miaka minane. Na ile ni meli ya chuma, na leo jina lake kila mtu analijua." Akakata uzi kwa meno. "Wewe ulikaa muda gani?" Nikasema baba, video ina sekunde 48. "Na kina?" Nikamwonesha kitovu. Akanyanyuka akaenda kuangalia mashine ya boti, na mashine haikuwa na tatizo.

Bibi kidogo ananitetea. Bibi hakuelewa tu kwa nini nilienda. Nikamweleza kwamba pale ndo wanapopigia ile michezo ya runinga, kwa hiyo watu wanatoka mbali kwenda kupiga picha. Bibi yangu amezaliwa na kukulia hapa Ujiji, maisha yake yote anaona wazungu wanashuka pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, wanapiga picha miembe, na ule mwembe wenyewe wa zamani haupo, hii iliyopo ni watoto wake. Akanitazama kwa huruma akasema, "Kwa hiyo na wewe umekuwa hivyo."

Ila kwenye kesi ya "bado" na "basi" bibi yuko upande wangu. Nimemwekea simu sikioni mara tatu, akasema wazi kabisa, "Anasema bado." Nyumba nzima imesikia. Tatizo bibi sikio la kulia halisikii kabisa na la kushoto linachagua. Mimi mwenyewe usiku wa kuamkia leo nilivaa visikilizi nikairudia kama mara arobaini, nikiwa najificha kwenye chandarua.

Anasema basi.

Anasema tena kwa sauti. "Basi, basi, we basi!" Sijui nilikuwa nasikiliza nini. Mnyamwezi kama unasoma hapa, deni la asali limeisha, tusiongee.

Sasa limebaki moja, na chaji ni asilimia 6.

Mama. Nyote mnadhani mama kakasirika kwa ajili ya koti. Koti hata hajaliuliza. Mama ndiye anayeisambaza. Nimefika nyumbani nimemkuta sebuleni na mashoga zake watano, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, wameinamia kama wanaangalia taarifa ya habari. Hanioni. Akaisimamisha, akairudisha nyuma kwa kidole, akasema, "Hapo. Nyamazeni. Sikilizeni hapo." Nikasikia maji yanaruka, nikasikia sauti yangu. Mama akawageukia. "Si mmesikia? Kote huko Ulaya, wazungu wamejaa hapo, maji yanamchukua mwanangu, kaita nani?" Mashoga wakaguna kwa uchungu. Mmoja akafuta jicho na ncha ya khanga.

Halafu akaniona mlangoni. Akasimama, akanishika mashavu, akaniuliza mbele ya watu wote wale:

"Baba, kweli uliniita?"

Nikasema ndiyo mama, nilikuita.

Mama yeye yuko WhatsApp tu, huku hayupo. Nawaombeni sana, hii msimtumie.